Kura Iliyoamuliwa na Shimo la Saba

Usiku wa jana niliota, na naapa kwa magoti yangu yote mawili, hata hili bovu, kwamba kila neno humu ni kweli tupu. Mimi ni mstaafu. Muda wa kudanganya ninao tele, ila hapa sikuutumia.

Kwanza mnijue. Kwa miaka thelathini na moja niliendesha mashine ya kukatia nyasi kwenye klabu ya gofu. Klabu ni ya wanachama tu. Nyasi zile nilizikata, nikazimwagilia, nikaziombea mvua, lakini kuzikalia hata dakika moja, marufuku. Mimi na mke wangu, Mama Chiku, tunaishi ng'ambo ya ukuta wa klabu, vyumba viwili vya kupanga, na tunapika koridoni pamoja na wapangaji wengine wanne. Sasa jiji linajadili kugeuza uwanja ule uwe makazi, na sisi wapangaji wa ukutani ndio wa kwanza kwenye orodha. Mwezi mzima Mama Chiku hana swali lingine ila dirisha la jiko litatazama wapi.

Basi, katika ndoto niko kwenye ukumbi wa baraza la madiwani. Madiwani ni yale mashimo kumi na nane ya uwanja wa gofu, kila moja na bendera yake kichwani. Yameketi vitini. Namna shimo linavyoketi kitini siwezi kueleza, ila yalikuwa yameketi.

Meya ni mama wa makamo, amekalia mashine yangu ya nyasi. Naisalimia mashine, maana niliikuta kazini ikiwa tayari mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba," inajibu. "Oili hukunibadilishia siku ile ya mwisho."

Meya anagonga meza. "Hoja ni moja. Nyasi zibaki nyasi au ziwe nyumba. Shimo la Tatu, endelea."

Shimo la Tatu linakohoa, mpira unatoka. "Mheshimiwa Meya, mimi nimechoka. Miaka arobaini watu wananitia mkono bila hodi, wanachukua chao, wanaondoka. Hata habari za asubuhi hakuna. Nipeni majirani."

Makofi. Shimo la Kumi linasimama, yaani linazama zaidi, maana ndivyo mashimo yanavyosimama.

"Majirani wana redio," linasema. "Mimi nimezoea kimya."

Natazama juu, paa halipo. Tuko uwanjani. Ule mchanga wa kunasia mipira umeota mafiga matatu na pilau liko jikoni tayari, ingawa kura haijapigwa.

Kura zinapigwa. Tisa kwa tisa.

"Kwa kanuni za gofu," anasema Meya, "sare huvunjwa na mtu aliyewahi kutia mpira shimoni kwa pigo moja tu. Yupo hapa?"

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Lyatuu, amecheza miaka ishirini na sita. Anatazama viatu vyake.

Mimi naliona jiko la Mama Chiku linaniponyoka. Nashtukia mkono wangu uko juu.

"Mimi. Shimo la Saba, ule mwaka wa mvua nyingi."

"Shahidi?"

"Nilikuwa peke yangu na mashine."

Mashine inageuza taa zake pembeni.

"Kura yako, Mzee Ndimbo?"

"Nyumba. Lakini ibaki njia ya nyasi katikati, Bwana Lyatuu na wenzake wacheze. Wakipita sebuleni mwa watu, wabishe hodi."

Bwana Lyatuu anafuta machozi. "Na chai tutapewa?"

"Mtapewa. Atakayevunja kioo atabaki hata kwa chakula cha mchana."

Ananikumbatia. Palepale nyumba zinaanza kuota ardhini, bati kwanza, halafu kuta. Yetu ina jiko, na jiko lina dirisha, na dirisha linatazama nyasi. Nachungulia ndani. Sufuria zetu zimeshaning'inia ukutani.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Meya."

Ni Shimo la Saba.

"Mpira wa mzee huyu uliingia, sikatai. Lakini ulikuja umeshikwa mkononi. Aliuokota kwenye nyasi, akaniwekea, akatazama huku na huku, halafu akacheza ngoma peke yake kama dakika tano."

Nyumba zote zinaacha kuota. Dirisha letu limebaki nusu.

"Ni kweli, mzee?" anauliza Meya.

"Mkono nao ni fimbo," nasema, "ila fupi."

Mashimo yanacheka mpaka bendera zinapepea. Meya hacheki. Anaita kitabu cha kanuni, kinakuja kwa miguu yake, kinajifungua na kujisoma: "Aliyetia kwa pigo moja huwanunulia wote soda. Aliyedanganya kuwa ametia hununua vilevile, na kura yake itahesabiwa akishanunua. Ikifika saa nne asubuhi hajanunua, nyasi zinarudi."

Nikaamka. Jua limeshaingia chumbani. Mama Chiku ameketi ukingoni mwa kitanda, anafunga kanga yake. Sijafungua kinywa.

"Baba Chiku," akasema, "hiyo soda utanunua kabla ya saa nne, au tuendelee kupika koridoni?"

"Soda gani, mama?"

"Ya mashimo. Na usinitumbulie macho. Mtu mzima na mvi zako, unamwongopea Meya mbele za watu."

Akainua mguu avae kandambili. Kisiginoni alikuwa na nyasi zimemganda, mbichi, zina umande, fupi na zimekatwa sawasawa. Mtaani kwetu hakuna nyasi za namna hiyo. Zinapatikana sehemu moja tu, na mlangoni pake pameandikwa wanachama tu.

Sikubisha tena. Saa tatu na nusu nilikuwa njiani kuelekea geti la klabu, kreti ya soda begani, goti bovu likilalamika. Mama Chiku alikuwa nyuma yangu na opena mkononi.

"Hizo nyingine nitagawa mimi," akasema. "Ya Shimo la Saba utaipeleka mwenyewe, na uliombe radhi."