Upepo Ulioomba Miguu

Usiku wa kuamkia leo, Wakesho aliota anaendelea na kazi ileile iliyomshinda mchana: filamu ya Bibi Mkawasi, kikongwe wa udongo mwenye urefu wa kiganja, anayepanda kilima cha Vuria. Anampiga picha, anamsogeza kidogo, anampiga nyingine. Zikiunganishwa picha hizo, bibi anatembea.

Mchana upepo ulimwangusha bibi, jua likahamisha vivuli, na Mwakio, mdogo wake, akachoka kushikilia mwavuli. "Dada, kafanyie sebuleni. Kilima hakifundishwi adabu."

Ndotoni, Wakesho anapaza sauti: "Asisogee yeyote mpaka nimguse!"

Kilima kizima kinatii. Panzi anabaki hewani, miguu imekunjwa. Upepo peke yake unakuja kulalamika.

"Unaniambia nisimame. Nisimamie nini? Sina miguu."

Wakesho anaufinyangia miguu ya udongo. Upepo unaivaa, unasimama.

"Wa kushoto unabana," unasema, "lakini nitauzoea."

Kila baada ya picha, Wakesho analisukuma jua kwa kidole.

"Nawa kwanza," jua linasema. "Unanitia madoa."

Ananawa kwa umande. Mara kilima kiko jikoni kwa mama yake, kati ya sufuria na mkungu wa ndizi. Anaendelea kupiga picha. Kisha kiko nje tena.

Karibu na kilele, mvua inafika. Bibi Mkawasi anainua uso.

"Mjukuu wangu, tone moja tu, nami ni tope."

Lakini matone nayo yameisikia amri. Yamejipanga angani, yanangoja kuguswa.

"Tuanze?" linauliza la mbele.

"Bado. Bibi hajafika."

Anasogeza, anapiga. Bibi anakanyaga kilele, anavua kilemba na kuipungia nchi yote ya Taita. Mawe yanapiga vigelegele bila kusogea hata kidogo.

"Nimepanda mwenyewe," bibi anasema.

"Umepanda mwenyewe, bibi," Wakesho anaitikia, machozi ya furaha yakimtoka.

Alipoamka, kulikuwa kumekucha. Mwakio alikuwa amesimama dirishani, kikombe cha chai mkononi, hanywi.

"Dada, hebu njoo uone. Hili lina nini?"

Katikati ya paa na kizingiti, tone moja la maji lilikuwa limetulia hewani, haliendi juu wala chini.

Wakesho akanyoosha kidole, akaligusa.

Mvua ikanyesha Wundanyi nzima.