Foleni ya Arlanda

Ndege ya Addis ilimwacha Mwaura na watoto wake wawili uwanjani Arlanda, Stockholm, na mama yake alikuwa anazikwa Nyeri keshokutwa.

Walikuwa wametoka Luleå, kaskazini mwa Sweden, na theluji ikawachelewesha. Walipotua Stockholm zilibaki dakika chache mno. Mwaura alitimua mbio hadi kwenye ukaguzi wa pasipoti, akaomba radhi, na watu wakampisha mpaka mbele. Alipogeuka, watoto hawakuwepo nyuma yake.

Mikael, wa miaka kumi, alikuwa amesimama mwisho kabisa wa foleni, amemshika mkono mdogo wake Nala.

"Wee Mikael! Njoo hapa!"

"Pappa, det är kö!" Baba, kuna foleni.

"Wametupisha! Shosho yako anazikwa!"

"Lakini wewe ndiye ulisema tusiruke watu," mtoto alijibu kwa Kiswahili, bila kusogea. "Ulisema tutaonekana washenzi."

Kweli Mwaura alisema hivyo, tena kila asubuhi. Ikabidi arudi, ambebe Nala, amburute Mikael akilia, na kuomba watu upya.

Mlangoni dada wa zamu alitikisa kichwa. "Tumefunga dakika nne zilizopita."

"Si ile pale? Naiona!"

"Pole sana."

Nafasi tatu zilipatikana baada ya siku mbili. Ijumaa saa saba, kaburini Nyeri, zilipungua konzi tatu za udongo: moja ya mwana, na mbili za wajukuu ambao hawakuwahi kumwona shosho yao.