Inchi Iliyokatwa

Dada mtu alifumua pindo la mkono wa shati kwa wembe, akalipima. Lilikuwa sawa kabisa, kama alivyoagiza. Akafumua la pili; sawa. La tatu hakuwa na haja nalo tena.

Mashati ya wauguzi yalikuwa arobaini, na asubuhi ile yote yalikuwa yamerudishwa, mikono ikiwa mifupi kwa inchi moja. Bwana stoo wa hospitali aliyamwaga juu ya meza ya kukatia, akauliza hii kazi ya nani. Dada mtu, ambaye ndiye mkataji, hakufikiri mara mbili. Alimnyooshea kidole mdogo wake kwenye cherehani, akasema mbele ya wateja wawili kwamba huyo, tangu afiwe na mumewe, kichwa hakipo. Anakunja pindo kama anashona magunia.

Mdogo mtu alikata uzi, akafunika cherehani, akaenda chumba cha nyuma walichokuwa wakilala.

Bwana stoo aliwaambia atarudi alasiri. Ofisi inataka jina la mharibifu, na huyo aondoke. La sivyo, kazi ya mwaka mzima inakwenda kwa wengine.

Sasa dada mtu aliivua tepu ya kupimia shingoni. Ncha yake ilichakaa zamani, wakaikata inchi ya kwanza, maana mpya ilikuwa imepanda bei. Kila alipokata nguo aliijumlisha ile inchi kichwani. Siku ya mashati alikuwa akimgombeza mdogo wake juu ya zamu ya kufua, akasahau.

Pembeni palikuwa na chai yake, imefunikwa kisahani nzi wasiingie. Aliyeifunika ni yule yule aliyetoka kutukanwa. Akaenda chumba cha nyuma.

Alimkuta mdogo wake anapanga nguo zake kwenye mfuko.

"Mdogo wangu, pindo zako hazina kosa. Ni tepu. Ni mimi."

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Ningefungua mdomo, dada, tungevunjiana heshima pale pale." Alikunja khanga polepole. "Mashati tutafumua. Hilo la marehemu mume wangu utalifumua kwa wembe gani?"

Dada mtu hakusema alikuwa amechoka, ingawa alikuwa amechoka. "Sina wembe wa hilo," alisema. "Nisamehe. Ila nililosema mbele za watu, nitalifuta mbele za watu."

Alasiri bwana stoo alikuja na fomu. Mmoja wa wale wateja alikuwepo, amefuata sketi yake.

"Andika mimi," dada mtu alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilikata vibaya, nikamsingizia mdogo wangu."

Bwana stoo akacheka. "Mama, wewe ndiye mwenye duka. Nikikuandika wewe, kazi imekwisha. Tumtaje mdogo wako, ni karatasi tu."

"Karatasi kwako."

Bwana stoo akaandika, akaondoka na kazi ya mwaka.

Baadaye kidogo mdogo mtu alitoka, akafunua cherehani, akaanza kupunguza suruali ya jirani. Dada mtu alimimina chai, akaifunika kisahani, akaiweka karibu naye. Mfuko wa nguo ulikuwa mlangoni pa chumba cha nyuma, umefungwa. Hakuthubutu kuuliza kama bado anaondoka.