Pete Iliyotangulia Posa

Optatus, mwanangu wa mwisho, aliniletea karatasi niisome kabla haijaenda kwa mchoraji. Duka letu jipya la saa na vito hapa Mpanda lilikuwa linafunguliwa Jumapili baada ya Misa, na alitaka historia ya nyumba yetu iandikwe ukutani kwa rangi ya dhahabu.

"Mama, angalia kama kuna kosa."

Mimi niliishia la saba, lakini miwani ninayo. Nikasoma. Kwamba marehemu baba yake, Melkior, alianza na meza moja ya kutengeneza saa sokoni Majimoto. Kweli. Kwamba alijifunza usonara kwa mzee mmoja wa Kigoma, akahamia Mpanda, na leo mabwana harusi wanatoka mpaka Sumbawanga kufuata pete zetu. Kweli, Mungu ashukuriwe. Kisha: "Pete yake ya kwanza ya dhahabu aliitengeneza kwa maono makubwa."

"Maono gani?" nikamuuliza.

"Ni lugha ya biashara, mama."

Chini kulikuwa na ratiba. Baraka ya Padri, hotuba, halafu saa saba: Tukio la kushtukiza. Sasa mimi wiki nzima nilikuwa nimemwona anafunika kitu kwa mkono kila nikipita karibu na meza yake ya kuchongea majina. Na Mwalimu Lucia wa Inyonga alishaleta saa yake ile ile mara nne, saa isiyo na ugonjwa.

"Umemchongea Lucia pete," nikasema.

Akaushika mfuko wa shati kama mtoto aliyekutwa na nyama mdomoni.

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza hapo hapo, mbele ya watu. Siku hizi ndivyo inavyofanyika. Mpiga picha nimeshamlipa."

"Na akikataa?"

"Mbele ya Padri atakataaje?"

Nikavua miwani.

"Unajua kwa nini nyumba hii haichongi jina kwenye pete mpaka ndoa itangazwe kanisani Jumapili tatu?"

"Si kwa sababu ya uchaji wa baba?"

"Uchaji ulikuja baadaye. Kwanza ilikuwa aibu. Ile pete ya kwanza, akiba yake yote, aliichonga jina langu, MARSELA. Akaja nayo shambani kwetu siku ya kuvuna mpunga, akanivalisha mbele ya shangazi zangu na majirani. Nikaivua, nikamrudishia, nikaendelea kuvuna."

Optatus akacheka, kisha akaacha.

"Ulikuwa humpendi?"

"Nilikuwa nampenda sana. Lakini hakuniuliza, alinitangaza tu kama mbuzi wa mnada. Miezi minane alizunguka Majimoto anatafuta Marsela mwingine wa kumuuzia. Akampata mmoja, bibi wa miaka sabini, kidole hakikuingia. Ndipo akarudi kwetu mikono mitupu, bila pete, akaniuliza."

"Mbona hujawahi kutuambia?"

"Aliniomba nisiseme mpaka afe. Nimemwongezea miaka sita, ya heshima."

Optatus akachukua kalamu, akaufuta mstari wa saa saba. Ijumaa asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, akapanda basi la Inyonga. Kabla hajatoka nilimpekua mifuko, pete nikaibakiza kabatini. Halafu nikakaa na rozari yangu, maana yule mtoto kwa saa ni fundi, kwa maneno bado.

Saa nane simu ikaita. Alikuwa Lucia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, Optatus yupo hapa kwetu tangu saa nne. Ameuliza habari za mahindi, za mizinga ya nyuki, za paa la shule. Baba amechoka kujibu, ameenda zake shambani. Mimi naona kama ana neno."

"Na wewe unalo jibu?"

"Ninalo tangu mwaka jana."

"Basi mpe maji ya kunywa, halafu mkae kimya nyie wote wawili. Atasema."

"Na asiposema?"

"Basi la kurudi ni saa kumi. Mwambie limeshajaa."