Alama za Umande Grini ya Saba

Hosea Mughwai alikuwa na hakika kwamba kuna mtu anaua nyasi zake. Alichokosa ni jina tu.

Grini ni kile kiduara cha nyasi fupi, laini, kinachozunguka shimo la gofu. Uwanja wa Unyambwa ulikuwa na mashimo tisa, kwa hiyo grini tisa, na Mughwai, msimamizi wa nyasi, alizijali kuliko alivyojali magoti yake mwenyewe. Mwezi wa pili mvua ikakatika, kama inavyokatika karibu kila mwaka katikati ya msimu. Mchana jua kali, usiku joto la kunata, asubuhi umande kila mahali. Hapo ndipo grini ya pili ilipotoka madoa ya kahawia yenye ukubwa wa sahani. Baada ya siku nne yalikuwa kama masinia. Ikafuata grini ya nne, kisha ya tano.

"Mashindano ni Pasaka, mzee wangu," meneja Gabrieli alimwambia. "Ikifa grini nyingine, itabidi nitafute mtu mwingine wa kazi hii."

Aliyasema kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha Mughwai. Miaka sita ya kazi, akiwa na miaka hamsini na tatu, aende wapi tena?

Kwamba kosa lingeweza kuwa lake, wazo hilo halikupata hata mlango wa kuingilia. Si alikuwa anamwagilia kila siku saa kumi na mbili jioni, jua likishazama, kama anavyomwagilia kila mtu mwenye akili Singida nzima? Maji ya kisima yanapatikana kwa jasho. Ukimwagilia asubuhi, jua linakuja kuyanywa kabla ya mizizi. Hayo alifundishwa na mama yake kwenye mchicha, wala hakuhitaji mtu wa kumfundisha upya. Basi adui yupo, akajisemea, na adui huyo anajua njia za humu ndani.

Akaanza kuwachunguza vibarua mmoja mmoja, na jicho lake likamwangukia Theodora. Mama huyu alikuwa akipalilia kandokando ya grini tangu uwanja ufunguliwe. Kabla ya uwanja, eneo lile lilikuwa malisho ya ukoo wao wakati wa kiangazi. Ng'ombe waliondolewa, na Theodora akarudi pale pale kushika jembe la kibarua. Hakuwahi kulalamika, na Mughwai akaona hilo nalo ni ushahidi.

Hakulifungia jambo hilo kifuani. Alimdokeza Selina, anayeendesha mashine ya kukatia nyasi. Akamdokeza mlinzi. Jumapili, nje ya kanisa, akawadokeza wawili watatu zaidi, kwa ile sauti ya chini inayofika mbali.

"Mimi sisemi kitu," alikuwa akisema, kisha anasema: yule mama ana dawa zake.

Asubuhi moja akaona alama kwenye grini ya saba. Umande ulikuwa umefutwa kwa mistari mirefu, kutoka ukingo hadi ukingo, na nyayo za mtu zikipita katikati. Grini ya nane vivyo hivyo. Zote mbili zilikuwa bado nzima, kijani kitupu. Zamu yao imefika, alifikiri. Huyu mtu sasa anaandaa.

Kesho yake alifika kabla ya wote, akajibanza nyuma ya kibanda cha pampu. Theodora alikuja peke yake, kitenge kimefungwa juu ya magoti, chupa ya plastiki mkononi. Aliiweka chupa chini, akaokota ufito mrefu wa mwanzi, akaanza kuupitisha juu ya nyasi, kushoto kulia, taratibu, midomo ikimchezacheza.

Mughwai akatoka mbio. "Mama Lucy! Unamwaga nini hapo?"

Theodora aliruka kwa mshtuko. "Simwagi kitu. Napangusa umande."

"Umande! Umande unapanguswa?"

"Si nilikuambia mwezi uliopita, ukasema hapa si bustani ya vitunguu? Baba yangu alikuwa anapangusa kwenye vitunguu, majani yasilale na maji. Nikaona nijaribu hizi mbili zilizo karibu na sehemu yangu."

"Na hayo maneno unayanong'oneza?"

"Naimba, jamani. Wimbo wa kwaya."

Mughwai aliifungua ile chupa, akanusa. Ulikuwa uji. Lakini alikuwa ameshajiandaa kukuta sumu, na uji ule ukamnukia vibaya. Akaubeba hadi ofisini kwa meneja. Kufika saa nne Theodora alikuwa amerudishwa nyumbani, na Mughwai alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Siku tisa baadaye grini ya saba ikatoka madoa. Siku ya kumi na moja, ya nane.

Gabrieli hakumfukuza siku hiyo. Alimwita kwanza mtaalamu wa magonjwa ya mimea, dada mmoja anayeitwa Aneth, aliyesafiri siku nzima na kulala nyumba ya wageni Mandewa ili afike uwanjani alfajiri. Mughwai alimdharau kwa viatu vyake vyeupe, hadi alipomwona anapiga magoti kwenye maji bila kujali.

"Shikamoo mzee. Hebu njoo utazame huku."

Ukingoni mwa doa, katikati ya umande, kulikuwa na utando mweupe, mwembamba kama wa buibui.

"Ni ukungu huu, kuvu wa nyasi," Aneth alisema. "Unapenda joto la usiku na jani lililolowa. Mnamwagilia saa ngapi?"

"Jioni," Mughwai alijibu kwa fahari. "Jua lisiyanywe maji."

"Mchicha ungekushukuru. Nyasi fupi hivi zinalala na maji usiku kucha, na ukungu unakula. Mwagilieni alfajiri, umande upanguswe, visu vya mashine vioshwe kila mnapohama grini. Mkipulizia na dawa, wiki tatu zitapona." Akageukia grini ya saba. "Hii na ile pale zimechelewa kuugua. Kuna mtu alikuwa anazipangusa?"

Gabrieli akamtazama Mughwai. Mughwai angeweza kunyamaza, na alitaka sana kunyamaza.

"Theodora," alisema. "Nilimfukuzisha mimi."

Alitumwa kumrudisha. Alimkuta uani akipepeta alizeti, na hakukaribishwa kiti.

"Meneja anakuita kazini, Mama Lucy. Nilikukosea. Nisamehe."

Theodora aliendelea kupepeta. "Nimekusamehe, na kazi naihitaji. Lakini kisimani wanawake wananipisha nichote peke yangu, kama mwenye kipindupindu. Lucy amerudi kutoka shuleni analia, anaitwa mtoto wa mchawi. Hayo nayo utayarudisha?"

Mughwai alitazama ungo ukipanda na kushuka.

"Utasimama mbele ya watu wote wa pale," Theodora alisema, "na mimi nikiwepo. Useme uliyoyasema ni uongo."

Jumatatu asubuhi Mughwai akasimama. Vibarua wote walikuwepo mbele ya kibanda cha pampu, na Theodora pembeni, ufito mkononi. Mughwai alieleza yote bila kujihurumia: maji ya jioni ni yake, ukungu ni wa maji hayo, uji ulikuwa uji. Mama huyu alikuwa akizilinda grini mbili, na yeye akamlipa kwa kumchafua. Mwishoni machozi yakamtoka, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kuliona. Alipomaliza alijisikia mwepesi.

Watu wakatawanyika. Mughwai aliinama kufungua koki ya bomba, na upande wa pili wa kibanda akamsikia Selina akimwambia mwenzake, kwa ile sauti ya chini.

"Mimi sisemi kitu. Lakini umemwona mzee alivyolia? Kaenda nyumbani kwa yule mama juzi tu. Atakuwa kamlisha kitu."

Mughwai aliinua kichwa. Theodora alikuwa hatua tatu kutoka hapo, na alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama Mughwai kidogo, akaweka ufito begani, akaelekea grini ya saba kupangusa umande.