Kengele ya Kitindamimba

Wifi yangu haingii dukani, anavamia. Siku ile alisukuma mlango kwa kiwiko, akampita mwalimu aliyekuwa akisubiri mkufu wake, akaitupa bangili ya marehemu mama juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya vumbi la fedha.

"Nataka kengele," akasema. "Ndogo. Hapa."

Hakunisalimu, na mimi sikumsalimu. Tangu tumzike mama, miezi minne sasa, tulikuwa hatuongei. Huyu ni mke wa kaka yangu, na wana binti mmoja. Yeye ndiye aliyemuuguza mama hadi mwisho, na yeye ndiye aliyeachiwa bangili. Jambo hilo lilinikaa kooni. Baba yetu alikuwa sonara. Bangili ile aliifua yeye, meza hii ilikuwa yake, na hata koleo ninaloshika kila siku ni lake, lenye pengo kwenye jino moja. Mtoto aliyerithi ufundi wake ni mimi. Sasa eti fedha ya baba inazunguka mkononi mwa mtu asiyeweza kutofautisha fedha na bati!

Mwalimu alisogea akachungulia. "Samahani, hivyo vinavyoning'inia ni hirizi?"

"Muulize fundi," wifi akasema. "Si ndiye mjuaji wa kila kitu?"

Nikamjibu mwalimu huku nimemkazia macho wifi. Nilimwambia kwamba baba alikuwa akitania kuwa binadamu alivaa kinga kabla hajavaa suruali. Kwanza walitoboa makombe ya baharini na meno ya wanyama, wakayatundika shingoni ili wanyama wawaogope. Baadaye wakaweka maandishi ndani ya vikasha wakaviziba. Wasafiri wakarudi na vidude vya kila mji waliofika, ili majirani wajue kuwa kweli walifika. Jicho la bluu ni la kumrudishia mwenye kijicho jicho lake. Siku hizi watu wanavaa moyo na herufi, hawajui hata wanajikinga na nini.

"Na hivi?"

"Hivi ni sisi," nikasema. "Samaki ni kaka yangu. Ufunguo ni dada, aliyeolewa mbali. Jicho ni mtoto aliyefariki kabla hajatambaa. Na hapa palikuwa na kengele. Kengele ni mimi."

Mimi ni kitindamimba, na nilikuwa mtoro tangu natambaa. Ukinipa mgongo nimeshafika barabarani. Baba akanifulia kengele akanifunga mguuni, ili mama akiwa jikoni asikie niliko. Nilipokua akaihamishia kwenye bangili. Mara nyingi nililala magotini mwa mama, nikiichezea kwa kidole.

Sasa pale mahali pake palikuwa na kipete kitupu, kimeachama.

"Umeipeleka wapi?" nikamuuliza wifi.

"Nini?"

"Usijifanye hujui. Umeing'oa kengele yangu, na leo unaniletea mimi nikuwekee nyingine, iwe ya binti yako! Huna hata haya?"

"Wewe tengeneza kengele," akasema. "Maneno weka akiba."

"Mwizi!"

Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili. Wifi hakurudi hata moja. Alivuta kiti cha wateja, akaketi, akakunja mikono kifuani. Utulivu ule ndio ulionipandisha mori. Nikasema, vizuri, huyu leo ataumbuka mbele ya shahidi. Nikamwita mwalimu karibu. Nikamweleza kwamba koleo lina meno, na kila koleo huacha alama yake kwenye fedha, na kwamba nitamwonyesha alama za koleo la mafundi baiskeli, lile kaka analoweka chini ya kitanda. Nikawasha taa, nikaweka kioo cha kukuzia jichoni, nikakileta kile kipete karibu.

Kilikuwa kimeminywa mara mbili. Na katikati ya kila alama kulikuwa na kimstari chembamba kilichoinuka, pale ambapo jino halikugusa.

Nikalishika koleo la baba. Nikaliweka juu ya alama. Likakaa sawasawa.

"Vipi?" mwalimu akauliza. "Ni la baiskeli?"

Nilikuwa nimeikumbuka siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka mmoja na nusu kabla mama hajafa. Mama alikuja dukani mara ya tatu wiki ile, mkia wa samaki umelegea, anaomba nimtazamie. Nilikuwa na oda ya watu, kichwa kinaniuma. Nikamwambia, "Mama, hayo si mapambo tena, ni chakavu. Yatie kwenye kopo yayeyuke na mengine." Kisha nikatoka kwenda kuazima mtungi wa gesi kwa jirani. Niliporudi alikuwa ameondoka. Nikashukuru.

Chakavu kwetu si tusi. Ni neno la kazi: vipande, minyororo iliyokatika, hereni zilizokosa wenzake, vyote huingia kopo moja chini ya meza. Lakini yeye alikuwa mke wa sonara. Alijua vizuri kopo liko wapi, na koleo liko wapi.

Mwisho wa wiki nililimimina kopo kwenye chungu cha kuyeyushia. Lilitoa mlio. Nakumbuka kabisa, mlio mwembamba, mara moja. Nikadhani ni kikuku cha mtoto wa watu, nikawasha moto.

Mama hakukanyaga tena dukani kwangu. Mimi nilisema ni miguu inamsumbua.

Nilimpa mwalimu mkufu wake, akaondoka upesi bila hata kuuangalia. Tukabaki wawili.

"Ulijua?" nikamuuliza wifi.

"Nilijua siku ileile. Alirudi nyumbani akilia kama mtoto. Akanikataza nisikwambie."

"Na kengele hii unayotaka?"

"Ni agizo lake. Alisema uitengeneze kwa mkono wako, na mimi nikae nikuangalie, usije ukanunua iliyo tayari. Nikamwambia huyo hastahili. Nimekaa na agizo hilo miezi minne nikitafuta namna ya kulisahau."

"Mbona hukulisahau?"

"Kwa sababu mimi mama akisema, nasikia."

Nililitoa kopo nikalimwaga mezani, nikatazama kipande kimoja kimoja, kama mjinga, ilhali nilijua fungu lile nililigeuza vifungo vya mikufu ya watu nisiowajua. Nikachagua fedha safi. Nikayeyusha, nikafua, nikabonyeza nusu mbili ndogo kama punje za kunde, nikatia ndani chembe ya kugonga, nikalehemu. Machozi yalinitoka nikayaacha, mikono ilikuwa na kazi. Wifi alikaa saa mbili nzima pale kitini. Hakuniambia pole, na angeniambia ningemtimua.

Nilipomaliza nikaitikisa. Ikalia, mlio uleule.

Nikaikunja mkononi. "Hii ni yangu," nikasema. "Bangili chukua."

"Alisema hivyo pia," akasema wifi. "Alisema utataka kuondoka nayo. Kengele ni ya bangili, na bangili ni yangu. Ukitaka kuisikia, kwetu unapajua."

Nikamtazama yule mwanamke nisiyempenda, asiyenipenda. Mama alikuwa amenifunga tena mguu.

"Lete mkono," nikamwambia.

Akaunyoosha juu ya meza. Nikachukua koleo la baba.

"Angalia usinifinye," akasema.