Mumiani Nyumbani kwa Mwalimu Patroba

Jumamosi moja ya mwaka 1966, baada ya sala ya alasiri, Mwalimu Patroba aliziba madirisha ya sebule yake huko Siyu kwa mablanketi, akatundika shuka jeupe ukutani kwa misumari minne, akawasha jenereta uani. Mashine ya filamu alikuwa ameiazima kwa rafiki yake wa Mombasa. Ilishushwa bandarini Mtangawanda na kuletwa kwa punda. Mkewe, Nerea, alichemsha chai ya tangawizi. Waalikwa walikuwa wawili: Bwana Abdulhalim mwenye duka, na Douglas, askari wa kituo. Hadia hakualikwa, lakini alikuwamo, maana ndiye aliyekuwa akimnyonyesha mtoto.

Mtoto wa Nerea aliitwa Edah. Maziwa ya Nerea yalikauka kwa homa, mtoto akiwa na wiki tatu. Hadia, aliyejifungua mwezi huohuo, aliombwa asaidie siku chache. Siku chache zikawa miezi saba. Hadia alikuja alfajiri, akaondoka magharibi. Dukani kwa Abdulhalim kulikuwa na maziwa ya kopo. Nerea alijaribu kopo moja, Edah akalia kutwa, basi hakununua tena. Binti wa Hadia, Khairiya, alishinda kwa bibi yake. Nerea hakuwahi kuuliza anakula nini. Kila asubuhi swali lilimjia, na kila asubuhi alijitafutia kazi ya mikono mpaka lipite.

Filamu ilikuwa ya mzungu mrefu mwenye joho jeusi na uso mweupe kama chokaa, aliyelala jenezani mchana na kunyonya damu za watu usiku.

"Huyo ni mumiani?" Hadia aliuliza kutoka mkekani, Edah akiwa kifuani.

"Ni mchezo tu, Bi Hadia," Patroba alisema.

Mumiani alimdaka msichana shingoni. Douglas alijifunika macho kwa kofia yake ya kazi. Nerea alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

Patroba alipoweka mkanda wa pili, yule mzungu aligeuka, akawatazama waliokaa sebuleni, akatoka kwenye shuka. Alikusanya joho lake lisinaswe na msumari, akavua viatu akaviweka kando ya mkeka, akatoa salamu. Wakamwitikia. Abdulhalim alisogea kumpisha. Kwenye shuka wenzake waliendelea kumtafuta kwa mienge.

"Natoka nti ya mbali," alisema, kwa Kiamu kisicho na doa. "Nina ndaa."

"Chai ipo," Nerea alisema.

Alishukuru, hakuipokea. Alimkagua Douglas, akasema huyu ana malaria. Alimnusa Abdulhalim, akasema damu hii ni halua tupu. Kisha akapiga magoti mbele ya Hadia.

"Fanya upesi, bwana," Hadia alimwambia. "Mtoto yualala."

Mgeni alimshika kifundo cha mkono kama afanyavyo dresa wa zahanati, akamvuta kope ya chini, akamtazama shingo upande huu na upande ule. Akaurudisha ule mkono taratibu.

"Huyu ashanyonywa," alisema. "Hakusaliya kitu. Ni nani aliyenitangulia?"

Jenereta ilinguruma uani. Mgeni alimtazama Edah, mashavu yake yaliyojaa, akatikisa kichwa kwamba huyu ni mtoto, hana kosa. Ndipo akamgeukia Nerea. Aliweka mkono kifuani, akainama.

"Niwiya radhi, Bi. Sikuyua kwamba hapa ni pako."

Nerea alihisi uso unawaka hadi masikioni. Afadhali angemtukana. Patroba alikuwa akifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Abdulhalim alichungulia kikombe chake. Hakuna aliyeshtuka kwa maneno yale, na hilo ndilo lililomchoma zaidi: Siyu nzima ilikuwa inajua, na ilikuwa ikimsalimu barabarani kwa adabu.

"Khairiya anakula nini?" hatimaye aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Uji wa mtama, Bi. Na mai ya madafu, yakipatikana."

"Ameanza kukaa?"

"Hajakaa bado," Hadia alisema, kama mtu anayeelekeza njia.

Filamu ilipokwisha shuka lilibaki tupu, mgeni hakuwa na pa kurudi. Douglas aliandika jina la mgeni kwenye kitabu cha kituo, na Abdulhalim akampa pa kulala ghalani, katikati ya magunia ya mchele. Mchinja mbuzi alikubali kumwekea damu katika bakuli. Watu walimzoea.

Usiku uleule wa filamu mume na mke walilala migongo ikitazamana. Kabla ya alfajiri Nerea aliamka, akasimama nyuma ya mlango akijifunza maneno: Bi Hadia, leo usije, kaa na mwanao, mimi nitakuja kumwona. Aliyarudia mpaka yakalainika mdomoni.

Hodi ikabishwa. Akafungua. Hadia alisimama kizingitini, buibui lake limelowa umande, macho yamezama. Ndani Edah akaamka, akaanza kulia.

Nerea alifungua kinywa.

"Ingia, Bi Hadia," alisema, akitazama sakafu. "Ana njaa."